Mlevi kaachwa kwenye kiti chake, mama yangu mwenye nyonga mbovu ndiye kahamishwa. Wahudumu wa ndege mnamwogopa nani?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za ndege kuchelewa. Kuchelewa nimeshazoea, hata siku hiyo tulichelewa dakika 50 na sikufungua mdomo. Hili ni jingine, na leo ni siku ya 11 linanikaba kooni.

Mama yangu ana miaka 71. Aliteleza bafuni kwa dada yangu Kimara, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji hukohuko Dar. Daktari akasema asikae kwenye basi saa tisa, kumi, mguu umekunjwa, mrudisheni kwa ndege. Tukachanga watoto wanne, nikakata tiketi mbili hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mama hajawahi kupanda ndege. Yeye ndege anaziona zikipita juu ya migomba yake Machame, basi. Nikamtafutia kiti cha njiani, mstari wa 5, upande wa kulia. Cha njiani ili anyooshe mguu, na upande wa kulia kwa sababu ukitoka Dar kwenda KIA mlima unaonekana upande huo. Miaka yote ameutazama kutoka chini, nikasema safari hii autazame ubavuni. Mimi nikakaa ng'ambo ya njia, mstari huohuo.

Dirishani kwake akaja jamaa wa makamo, saa kubwa mkononi, anaita kila mtu "dogo". Huyu nilishamwona getini akipepesuka. Kadi yake ya kupandia ilimdondoka mara mbili, kijana wa shirika akamwokotea huku anacheka, "Bosi leo umechangamka!" Wakuu, pale ndipo mambo yalipoharibika, hata kabla ya kupanda ngazi. Shirika lina haki ya kumkatalia abiria mlevi akiwa bado yuko chini. Akiwa chini unamkalisha kwenye benchi, unampa maji, anaondoka na ndege ya kesho. Akishakuwa juu huna benchi, huna kesho.

Na pombe ya juu si ya chini. Hewa ya ndani ya ndege ya abiria inabanwa iwe kama ya mtu aliye kwenye futi 6,000 hadi 8,000. Kwa lugha ya kwetu, ni kama umetolewa pwani ukapandishwa ghafla kwenye geti la Marangu la kupandia Kilimanjaro ukaendelea kidogo kuelekea kambi ya Mandara. Oksijeni pungufu, kichwa chepesi. Mlevi wa kawaida wa Dar anaweza kujisikia amezidiwa bila kuongeza hata tone. Huyu wetu aliongeza.

Ndege ndogo, viti viwili viwili, wahudumu wawili. Mmoja binti mdogo, nadhani hajamaliza mwaka kazini. Mwingine mkubwa wake, mwanamke mtu mzima, ndiye anayetangaza. Ndege bado inapaa, taa ya mkanda inawaka, jamaa akafungua mkanda akasimama kuchukua begi juu. Begi likapita sentimita chache juu ya kichwa cha mama. Binti akaja mbio, akasema vizuri kabisa, "Baba, naomba ukae, begi nitakupa tukishatulia." Jibu lake mnalijua. "Unanijua mimi ni nani?"

Akakaa kwa kujitupa. Akatoa kichupa cha pombe kali, vile vichupa vilivyoshika nafasi ya viroba baada ya viroba kupigwa marufuku 2017. Binti akamwambia hairuhusiwi. Kweli hairuhusiwi, mashirika mengi yanakataza kabisa abiria kunywa pombe yake mwenyewe ndani ya ndege. Jamaa akaanza kubonyeza kile kitufe cha kuita. Ting. Ting. Ting. Nilihesabu hadi 14. Akaja yule mkubwa. Nikasema haya, mwenye mamlaka kafika.

Alimletea barafu.

Narudia kwa walioruka mistari: alimletea glasi ya plastiki yenye barafu na kopo la soda ya kuchanganyia, akamwambia, "Taratibu lakini bosi." Binti alikuwa nyuma yake na mfuko wa takataka anakusanya vikombe. Nilimwona uso. Mtu umemkatalia mlevi kwa utaratibu, mkubwa wako anakuja kumhudumia palepale mbele yako. Kuanzia hapo yule binti neno lake ndani ya ndege ile lilikuwa na uzito gani?

Dakika kumi baadaye soda na pombe viko kwenye gauni la mama. Jamaa kawasha video za muziki kwenye simu, sauti ya juu, kiwiko kiko kwenye mbavu za mgonjwa. Nikainuka nikamwambia kaka, huyu ni mzazi na ametoka hospitali. Akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama akanishika shati: "Mwanangu achana naye, tusije tukashushwa." Yaani mama yangu anaogopa kushushwa angani, na mlevi haogopi chochote.

Binti akarudi kuomba ile glasi. Jamaa akamshika kiuno. Si kumgusa kwa bahati mbaya, alimshika, akamvuta. Binti akajitoa, vikombe vikamwagika njiani, akaenda mbele haraka bila kugeuka.

Sasa hapa nataka tuelewane, maana kuna watu wanadhani mhudumu wa ndege kazi yake ni kugawa karanga. Kazi yake ya kwanza ni usalama, karanga ni nyongeza. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, limeyagawa makosa ya abiria wakorofi katika ngazi nne. Ya kwanza ni ukorofi wa maneno na kukaidi maelekezo. Ya pili ni kumwekea mtu mkono. Ya tatu ni kuhatarisha maisha. Ya nne ni kujaribu kuingia kwa rubani. Bwana huyu alikuwa ameshamaliza ya kwanza na yuko ndani ya ya pili. Kinachotakiwa si siri: pombe inakatwa, rubani anaambiwa, mkorofi anapewa onyo rasmi, mashirika mengi yana hata karatasi yake maalumu. Akiendelea anafungwa mikono kwa zile kamba za plastiki, na chini anasubiriwa na polisi. Mkataba wa Tokyo wa 1963 ulimpa rubani mamlaka ya kumdhibiti abiria wa namna hii na kumkabidhi kwa vyombo vya dola, na anaweza hata kuwaomba abiria wengine wasaidie. Najua mkataba ule ni wa safari za kimataifa, msianze. Lakini Dar hadi KIA ni anga yetu, ndege yetu, polisi wetu. Wale wa safari za nje ndio walikuwa na shida ya nani amshitaki mlevi wa nchi nyingine kwenye ndege ya nchi ya tatu, hadi ikabidi waandike itifaki ya Montreal mwaka 2014. Sisi hata hicho kisingizio hatuna.

Mhudumu mkubwa akaja. Hakumwangalia jamaa. Akainama kwa mama yangu, tabasamu limejaa. "Mama, samahani, unaweza kuhamia nyuma kidogo? Utapumzika vizuri."

Nyuma kidogo ni mstari wa mwisho, ukuta wa choo. Mstari wa 2 ulikuwa na viti viwili vitupu, nimeviona kwa macho yangu. Nikauliza kwa nini si pale. Akasema vile ni vya mbele. Nikauliza kwa nini si yeye ahame. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nisaidie, tusikuze mambo."

Mama akainuka. Mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine anashika mgongo wa kiti kimoja hadi kingine, ndege inatikisika, taa ya mkanda inawaka. Mistari zaidi ya kumi. Mwenye nyonga iliyoshonwa majuzi anatembezwa kwenye mtikisiko ili mlevi asisumbuliwe. Katikati ndege ikadondoka kidogo, mama akaangukia begani kwa dada mmoja wa kitenge, yule dada akamdaka. Hakupiga kelele. Alisema tu "samahani mwanangu", eti yeye ndiye anaomba samahani.

Mlima ulipotokea rubani akatangaza. Kiti cha nyuma dirisha lilikuwa la mtu mwingine, mzungu, kamera imeziba lote. Mstari wa 5 dirisha lilikuwa huru kabisa, jamaa alikuwa ameshalala mdomo wazi.

Tulipogusa KIA akaamka, akasimama ndege bado inakimbia. Kule mlangoni yule mhudumu mkubwa akamwambia, "Karibu tena bosi." Hakuna polisi aliyekuja kwa sababu hakuna aliyemwita. Jamaa akaingia kwenye gari jeupe lililokuwa linamsubiri, akaondoka. Nilikwenda kwenye meza ya shirika, nikaambiwa fomu za malalamiko zimekwisha, tuma barua pepe. Nimetuma tatu. Nimejibiwa moja, inanishukuru kwa "maoni" yangu na kunitakia safari njema.

NYONGEZA: Naona kuna mkuu anasema kuhamisha majirani wa mlevi ni utaratibu wa kawaida, wahudumu wanatakiwa kupunguza joto, si kuwasha moto. Nakubali nusu. Wahudumu wawili, mmoja kashikwa kiuno, huwezi kuwaambia wakapigane mieleka. Unamhamisha jirani, sawa, ukiwa unampeleka mahali pazuri zaidi, si chooni. Na ukishamhamisha unabaki na kazi ya mlevi: unachukua kichupa, unamwambia rubani, unaandika ripoti. Hapa kichupa kilibaki, barafu ikabaki, na yule binti akarudishwa kuhudumia mstari uleule. Huko si kupunguza joto, huko ni kumhamisha anayekubali kuhama.

Na aliyeuliza kwa nini sikumzaba kibao: kwa sababu ningekuwa mimi ndiye naandikwa ngazi ya pili, na gari jeupe silina.

Mwingine anataka nilitaje shirika. Silitaji bado. Nataka kwanza kupeleka malalamiko TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, wana baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga. Aliyewahi kupitia njia hiyo aniambie walitaka vielelezo gani. Kadi za kupandia ninazo zote mbili. Gauni sijalifua, mama ananishangaa.

Kliniki yake inayofuata Dar ni baada ya wiki tatu. Ameshamwambia dada amuulizie nauli ya basi, kiti cha mbele.

Dada wa kitenge, kama unasoma humu, nilikuona umeinua simu wakati jamaa anamvuta yule binti. Njoo PM tafadhali.