Mahojiano ya uraia: maswali ya jimbo la Kentucky

Ndugu zangu, hamjambo? Barua ya mahojiano imefika: Louisville, saa tatu asubuhi. Sisi tuko Bowling Green. Historia ya Marekani nimeishika, ila haya ya jimbo yananichanganya. Mji mkuu si Louisville? Na kuhusu ndege wa jimbo, wanauliza?

*

Hongera sana, dada yangu. Mji mkuu ni Frankfort, mji mdogo kando ya mto Kentucky. Wengi hujibu Louisville kwa sababu ya ukubwa wake. Jina la gavana litazame upya wiki hiyohiyo ya mahojiano.

Lakini kinachonitia wasiwasi ni saa. Kentucky ina majira mawili ya saa, na Louisville iko mbele yenu kwa saa moja. Saa tatu ya hiyo barua, kwenu ni saa mbili! Mdogo wangu alitoka hukohuko. Saa ya gari ilimwambia saa tatu kasoro dakika kumi, akaingia ametulia kabisa. Mlinzi akamwonyesha saa ya ukutani: saa nne kasoro dakika kumi. Alirudi nyumbani analia, akasubiri miezi apangiwe siku nyingine. Barabara ya I-65 ina kibao cha kubadili saa pale mnapotoka kaunti ya Hart na kuingia kaunti ya LaRue. Simu itajibadilisha, saa ya gari huenda isijibadilishe. Safari huchukua muda wa saa mbili hivi. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, saa za kwenu.

*

Shikamooni wakubwa. Ndege na maua hayamo kwenye mtihani wa uraia, hayo wanaulizwa watoto shuleni. Ndege ni kardinali. Dume ni jekundu na lina kishungi kichwani, mtamwona hata theluji ikianguka. Kentucky ilikuwa jimbo la 15, tarehe 1 Juni 1792. Kwenye bendera wamo wanaume wawili wameshikana mikono, na maneno yake ni yaleyale tuliyokua nayo: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Na dada, kama wewe ni Mkongo kama mimi: Muhammad Ali, aliyempiga Foreman pale Kinshasa mwaka 1974, ni mtoto wa Louisville. Amezikwa makaburi ya Cave Hill. Mkitoka kwenye mahojiano, piteni mumsalimie.