USHAURI: The Merry Widow haitoi sauti, onyesho ni Jumamosi

Mpenda_Sinema: Wakuu, heshima kwenu. Naonyesha The Merry Widow, ile ya Hollywood iliyotokana na opereta (mchezo wa jukwaani wa kuimba) ya Franz Lehár. Picha safi, sauti hakuna kabisa. Nifanyeje?

FundiSpika: Ukitumia waya wa HDMI, kompyuta hupeleka sauti kwenye projekta. Ingia mipangilio ya sauti, chagua spika zako.

Mpenda_Sinema: Nimefanya. Video nyingine zinalia.

Shangazi Opereta: Toleo gani, mwanangu? Studio ya MGM waliitengeneza 1925, 1934 na 1952.

Mpenda_Sinema: Mwaka una uhusiano gani na spika?

Shangazi Opereta: Taja mwongozaji.

Mpenda_Sinema: Erich von Stroheim.

FundiSpika: 😂😂 Nimemchomoa mtu waya bure.

Shangazi Opereta: Hiyo ni ya 1925, filamu bubu. Wanaoimba ni Maurice Chevalier na Jeanette MacDonald, ya Ernst Lubitsch, 1934, dakika 99.

Mpenda_Sinema: Mabango yameshatoka: "Njooni msikie nyimbo za Lehár". Nitapiga CD ya opereta juu ya picha, itaendana tu.

Shangazi Opereta: Haiendani. Opereta inaanza mama ni mjane tayari, yuko Paris kwenye sherehe ya ubalozi. Stroheim anaanza nyuma kabisa, Sally bado mnenguaji wa Kimarekani, hata mume hajapata. CD itamlilia marehemu ambaye hajaoa.

Mlokole77: Kutangaza nyimbo ambazo hazipo ni utapeli. Rudisha viingilio.

Kobe: Chai hii. Filamu bubu ina maandishi kila baada ya muda mfupi. Umeitazama hukuyaona?

Mpenda_Sinema: Niliyaona. Nilitegemea nakala iliyotiwa muziki. Ya 1934 lazima leseni; hii ya 1925 Marekani ni huru, haina tena hakimiliki, tangu 1 Januari 2021.

Kobe: Kumbe ulijua! Uzi ungeuita "nakwepa leseni".

Shangazi Opereta: Picha kuwa huru hakuifanyi CD iwe huru, rekodi ina haki zake. Noti ndizo huru, Lehár alifariki 1948. Tafuta mpiga piano. Ile walzi maarufu, muziki wa dansi wa opereta hiyo, aidokeze mwanzoni kwa mkono mmoja, aipige nzima mwanamfalme Danilo na Sally wanapocheza, la sivyo watu wataichoka mapema. Na watu wakitembea mbiombio kwenye picha, punguza kasi hadi 0.85 kabla hajaanza mazoezi, maana dakika zitaongezeka.

Mpenda_Sinema: Wa kanisani atafaa?

FundiSpika: Muulize Mlokole77.