Nimeandikiwa sindano za streptomaisini na zahanati iko mbali: naweza kujifunza kujichoma mwenyewe?

MfugajiNyika
Wakuu heshima kwenu, hasa madaktari na manesi mliomo humu.

Niko Simanjiro, umri miaka 38, kazi yangu mifugo. Nimeumwa muda mrefu: homa inapanda jioni, asubuhi haipo, usiku natoka jasho hadi shuka linalowa, kiuno na magoti vinauma. Nimemeza dawa za malaria, nimemeza za taifodi, wapi. Mwisho nikaenda hospitali, vipimo vikasema brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Daktari kaniandikia doksisaiklini asubuhi na jioni kwa wiki 6, pamoja na sindano za streptomaisini gramu 1 kila siku kwa siku 14.

Vidonge havinisumbui. Kazi iko kwenye sindano. Kiangazi hiki tumehamisha ng'ombe, niko ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho, na vijana wawili, na zahanati ya karibu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Bodaboda hupatikana kwa bahati. Sindano ya kwanza nilichomwa hospitalini, wakaniangalia nusu saa, sikupata shida yoyote. Zilizobaki nimepewa nizipeleke zahanati.

Sindano siiogopi, ng'ombe na mbuzi nawachoma mwenyewe tangu ujana. Naomba kujua: inawezekana kujichoma? Na kama inawezekana, naanzia wapi?

BintiKilosa
Pole sana mkuu. Mimi nakuomba usithubutu. Kaka yangu alichomwa takoni na mtu wa mtaani aliyejiita mzoefu, mguu ukaingia ganzi papo hapo, mpaka leo anauburuza. Bora uuze mbuzi mmoja upate nauli ya wiki mbili.

Muuguzi_Pembezoni
Kaka MfugajiNyika, mimi ni muuguzi na nimefanya kazi zahanati za vijijini. Nakujibu ndiyo, ila kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba usijifunze kwa maandishi yangu peke yake. Beba dawa zako zote uende zahanati, mweleze nesi hali halisi ya ronjo, mpigieni simu daktari aliyekuandikia. Akiridhia, siku ya kwanza nesi akuchome huku akikueleza kila hatua. Siku inayofuata ujichome wewe, yeye amesimama pembeni. Akiona bado, urudie tena mbele yake. Usiondoke na dawa mpaka aseme mwenyewe kwamba umeweza. Hizo siku chache lala kijijini kwa jamaa, vijana wabaki na ng'ombe.

Alichosema dada BintiKilosa ni kweli kabisa, ndiyo maana mtu anayejichoma haendi takoni. Huoni unapochoma, na pale unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Sehemu yako ni paja, upande wa nje, katikati. Weka kiganja kimoja chini tu ya nyonga, kingine juu tu ya goti. Nafasi inayobaki kati ya viganja, upande wa nje, ndiyo ya kuchoma. Ukae, mguu ulegee. Msuli ukikaza utaumia bure. Leo kulia, kesho kushoto.

Mikono kwanza, sabuni na maji yanayotiririka, kijana akumiminie kwa dumu. Futa mpira wa kichupa kwa spiriti na uache ukauke. Unga unachanganywa na maji ya sindano yaliyo kwenye ampuli, kwa kiasi ulichoandikiwa. Si ya dripu, si ya kuchemsha. Tikisa hadi usione chembe hata moja. Vuta dawa, toa mapovu, badilisha sindano uweke mpya, kwa sababu ile iliyotoboa mpira imeshapoteza makali. Ingiza wima kwa mkupuo mmoja, usiisukume kidogo kidogo. Vuta bomba nyuma kidogo: ukiona damu, toa, tupa, andaa upya. Kama hakuna damu, sukuma dawa taratibu, chomoa, bana kwa pamba. Usirudishe kifuniko kwenye sindano, hapo ndipo watu wengi wanapojidunga vidole.

Dawa iliyochanganywa isilale hadi kesho. Na usome boksi limeandikwa nyuzi joto ngapi: streptomaisini nyingine inataka jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na ronjo kiangazi hakuna jokofu. Kama yako ni hiyo, zihifadhiwe zahanati na muulizane mtazichukuaje kwa awamu.

AfisaMifugo_Kaskazini
Mimi niko upande wa mifugo, na hapo uliposema unachoma ng'ombe ndipo paliponifanya niandike.

Mkuu, tafadhali sana: dawa ya ng'ombe isiingie mwilini mwako hata zako zikiisha kabla ya siku 14. Wafugaji husema "si ni penstrep ileile". Si ileile. Ya mifugo huwa na penisilini ya prokeni pamoja na dihidrostreptomaisini, na hiyo ya pili iliachwa kwa binadamu kwa sababu inaua masikio. Bomba la chuma mnalochomea kundi zima nalo lisikuguse, hata ulichemshe. Bomba la plastiki, moja kwa siku moja, basi.

Na ukoo wa ugonjwa wako uko hapo bomani. Ng'ombe au mbuzi anayetupa mimba, kondo linalokwama, ndama mfu mnayemvuta kwa mikono mitupu, maziwa mabichi. Hata chanjo ya brusela ya ng'ombe, ile S19, ni vijidudu hai. Mchanjaji akijidunga kwa bahati mbaya anaweza kuugua kama ulivyougua wewe.

Tabibu_Wilayani
Kabla ya kujifunza sindano, muulize daktari wako swali hili: kuna uwezekano wa kutumia vidonge vitupu? Doksisaiklini kwa wiki 6 inaweza kuunganishwa na rifampisini kwa wiki hizohizo 6, hakuna sindano hata moja. Inatambulika kimataifa. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi kuliko ukitumia streptomaisini, na rifampisini tunaibania kwa ajili ya kifua kikuu. Pia kuna jentamaisini, siku 7 hadi 10, sindano bado zipo lakini ni chache. Asipobadilisha, ana sababu zake.

La kuzunguka na dawa za malaria na taifodi hujawa wa kwanza. Kuna utafiti wa Moshi uliochapishwa mwaka 2013: watu 870 waliolazwa kwa homa, 528 walihesabiwa kuwa na malaria, waliokuwa nayo kweli ni 14. Brusela ilikuwemo humohumo.

Sasa hatari yenyewe. Streptomaisini hugusa masikio, mizani ya mwili na figo. Masikio yakianza kulia, ukapata kizunguzungu, ukawa unayumba hasa gizani, au ganzi kuzunguka mdomo, au mkojo kupungua, usichome ya siku hiyo. Nenda kituoni. Usijipe moyo kwamba zimebaki chache, kwa sababu sikio likishakufa halirudi. Kama una historia ya figo au tayari husikii vizuri, mwambie daktari leo hii. Magoti yakiuma meza panado, diklofenaki achana nayo kipindi hiki, inaongezea figo mzigo.

MfugajiNyika
Asanteni sana wakuu, nimesoma yote, kijana mmoja nimemsomea na yeye. Nimempigia daktari. Rifampisini amekataa, kasema anataka ugonjwa usirudi, ila kujichoma ameridhia nikifundishwa na nesi wa zahanati, na siku ya 7 nirudi wanipime figo. Figo na masikio sina historia. Nasogea kijijini kesho.

Maswali mawili. Moja, mzio unaweza kuja baadaye wakati ya kwanza ilipita salama? Pili, nikiruka siku moja nichome mbili kesho yake?

Muuguzi_Pembezoni
Hapo umefanya vizuri kaka.

Mzio unaweza kuja hata sindano ya tano au ya kumi. Kwa hiyo usijichome ukiwa peke yako malishoni. Choma jioni kijana mmoja akiwepo, simu ina chaji, na namba ya bodaboda mnayo. Ukiona vipele vya kuwasha mwili mzima, midomo au macho kuvimba, kifua kubana, au kuzimia, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ulizeni kabisa kama zahanati ina adrenalini, sindano ya kuokoa mtu mwenye mzio mkali, muwe mnajua mnakimbilia wapi.

Mbili kwa mpigo, hapana. Ukiruka, choma moja kesho yake, uendelee, na mwambie nesi ili siku iongezwe mwisho. Chora siku zote kwenye karatasi, weka alama kila ukichoma, andika na mguu gani. Pajani kukiwa na uvimbe mgumu, joto, wekundu unaotanuka au usaha, rudi.

Sindano zilizotumika zitie kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko. Likifika robo tatu lipeleke zahanati wakalichome. Usizitupe shimoni bomani, watoto na ndama wanapita humo.

BintiKilosa
Mkuu nimefarijika kusikia unaanzia kwa nesi. Doksisaiklini nayo mimi niliwahi kutumia: meza umekaa wima na maji mengi, ukilala nayo inachoma koo.

Tabibu_Wilayani
Sahihi dada. Na usiimezee maziwa, yanaipunguzia nguvu. Acha nafasi ya saa mbili. Sindano zikiisha siku ya 14 utajisikia umepona. Vidonge bado una wiki 4, umalize vyote. Jua la mchana nalo jifunike, doksisaiklini hufanya ngozi iungue upesi.

MfugajiNyika
Maziwa ndiyo chakula chetu huku. Tuache kabisa?

AfisaMifugo_Kaskazini
Msiache, chemsheni. Yachemke hadi yapande, ndipo mnywe au mgandishe. Vijana wako wawili wanakunywa kwenye kibuyu kilekile ulichokunywa wewe, kwa hiyo nao wakapimwe utakapokwenda siku ya 7. Nitumie ujumbe unieleze ni wanyama wangapi walitupa mimba mwaka huu, nikuunganishe na mwenzangu wa wilaya yenu aje kuchukua damu ya kundi.