Wakuu, CEA na CA 19-9 zikiwa kawaida ndo kusema kansa ya tumbo haijasambaa?

Kijana_wa_Same:
Habari za mchana wakuu. Baba mkubwa kamezeshwa ule mpira wa kamera wakachukua kinyama, majibu yamerudi ni kansa ya tumbo, aina ya difyuzi. Damu nayo imepimwa zile protini zinazohusishwa na kansa, CEA kawaida, CA 19-9 kawaida. Sasa ndugu huku wameshafurahi wanasema haijasambaa, CT skani ya nini wakati hela yenyewe ni ya kuchangishana kwenye grupu. Mi roho haijatulia. Hizi protini zinatabiri kweli au tunajipa moyo?

MamaMaabara:
Pole sana mdogo wangu. CT msiiache, nakuomba. Wagonjwa wengi tu kansa imeshatoka nje ya tumbo na hizo namba ziko chini vilevile. Tena CA 19-9 kuna watu damu yao ni Lewis hasi (Lewis ni aina ya kundi la damu), hao hawaitengenezi kabisa, hata ikifika kwenye ini kipimo kitasoma chini. Halafu kinyume chake mvuta sigara CEA yake inaweza ikapanda kidogo bila kansa yoyote, na mtu mwenye manjano njia ya nyongo imeziba CA 19-9 inapaa.

Mzee wa Kahawa:
Kwa hiyo wanapima za nini? Si biashara tu hiyo.

MamaMaabara:
Hapana mzee wangu, zina kazi yake. Kama ilikuwa juu kabla ya operesheni ikashuka, halafu baadaye ikaanza kupanda tena, hapo daktari anajua aanze kutafuta. Ni za kufuatilia zaidi.

zamu_ya_usiku:
Niongezee hapo kwenye neno difyuzi maana ndo lenye uzito. Kuna protini inaitwa E-kadherini, kazi yake kushikisha seli za ukuta wa tumbo zisiachane. Kwenye difyuzi mara nyingi imepungua au haipo kabisa, kwa hiyo seli zinapenya mojamoja ukutani bila hata kufanya uvimbe wa kueleweka, na zinapenda kwenda kuota kwenye ule utando unaofunika utumbo, vipele vidogo ambavyo hata CT inaweza isivione. Ndo maana kabla ya operesheni kubwa wengine wanaingiza kamera kwa tundu dogo tumboni, wanaosha na maji kisha wanayapima yale maji kama yana seli za kansa. Tafiti za protini za kutabiri kusambaa zipo kibao, MMP-9, VEGF na nyingine, ila ukweli hakuna hata moja inayochukua nafasi ya kuangalia kwa macho.

Protini zenye faida kwa mgonjwa sasa hivi ni za kwenye kinyama, na zenyewe zinachagua dawa. HER2 ikiwa chanya kuna dawa ya trastuzumab, utafiti wa ToGA wa 2010 wastani wa kuishi kwa wagonjwa ambao kansa imeshasambaa ulitoka miezi 11.1 kwenda 13.8, siyo muujiza ila ni kitu (kwenye difyuzi HER2 chanya ni chache, nisikudanganye). Klaudini 18.2 dawa yake zolbetuximab imepitishwa Japani na Marekani 2024, bei yake sasa... tuache.

Swali: kwenye ukoo kuna mwingine? Jini ya hiyo E-kadherini, CDH1, ikiwa na hitilafu inarithiwa, iligundulika 1998 kwa familia ya Wamaori huko New Zealand, na wanawake wanapata ya matiti pia.

Kijana_wa_Same:
Daah. Shangazi yetu mmoja alifariki kwa kansa ya titi, hajafika hata hamsini. Hakuna aliyewahi kuunganisha. CT nitaisimamia mwenyewe, grupu watanisamehe. Na kile kinyama kinatunzwa au kilishatupwa?

zamu_ya_usiku:
Habari ya shangazi mwambie daktari, tena umri wake utaje. Kinyama kinakaa kwenye nta, kikitunzwa vizuri hata miaka. Nenda maabara uombe namba yake uiandike, kipimo cha HER2 wanakata hapohapo, baba hamezeshwi mpira tena labda wakute kipande ni kidogo mno.

Kijana_wa_Same:
Kesho asubuhi niko pale dirishani.