Wakuu naombeni ushauri: jua linamtesa mtoto kwenye gari, nimpake nini?

Jani Kavu:
Habari za muda huu wakuu. Niende kwenye mada. Tuna safari ya gari ya kutwa nzima: mimi, mama watoto, mkubwa wetu na huyu mdogo. Shida ni huyu mdogo. Hata tukitoka mwendo mfupi, jua la kioo cha mbele linampiga usoni, anafumba macho, analia mpaka sauti inakauka. Nikishusha kile kibao cha kuzuia jua hakimfikii. Naomba kujua mafuta gani ya jua yanamfaa mtoto, na nimpake kabla ya kuondoka au njiani? Au niweke tinti? Safari ni keshokutwa, mengine yote yako tayari.

Mama Mapacha:
Pole baba. Sisi mama mkwe alitundika taulo dirishani, akalibana na kioo. Baba watoto bila kujua akabonyeza kioo kishuke ili apate hewa. Taulo likaondoka na upepo na hatukuliona tena. Mpaka leo mama mkwe taulo lake ananidai mimi, sio mwanawe.

Kobe Mzee:
Safirini usiku. Uzi ufungwe.

Fundi Spana:
Na usingizi wa dereva nao umeufunga, mzee? Mleta uzi, kwanza tuelewane kuhusu vioo. Cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na karatasi ya plastiki katikati, kinazuia karibu mionzi yote ya UVA, ile ya jua inayopenya ndani ya ngozi. Vya pembeni ni kioo kimoja kigumu: UVB ile inayobabua ngozi inazuiwa sehemu kubwa, UVA inapita, na kiasi kinatofautiana sana gari kwa gari. Kwa hiyo kioo cha mbele kinakuletea mwanga na joto, ila wa kuogopwa ni dirisha la pembeni. Tinti nyeusi sio lazima. Kuna filamu angavu inayokata UV hadi asilimia 99 na kioo kinabaki cheupe. Ukitaka nyeusi, angalia kwanza sheria ya unakoishi inaruhusu mwanga kiasi gani upite.

Nesi wa Zamu:
Mtoto ana umri gani?

Jani Kavu:
Asante fundi, hiyo filamu nitaitafuta. Nesi, bado mdogo mdogo, ila ana afya, kliniki wanamsifia uzito.

Nesi wa Zamu:
Sijauliza uzito.

Jani Kavu:
Anaelekea miezi mitano. Lakini mafuta nimeshanunua, SPF 50, kopo lina picha ya mtoto kabisa. Sasa niyatupe?

Nesi wa Zamu:
Usitupe, mpake mkubwa wake robo saa kabla ya kutoka, urudie kila baada ya kama saa mbili. Mdogo bado. Kwa kawaida mafuta ya jua hayashauriwi kabla ya miezi 6, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na ni pana ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo anachopakwa kinaweza kuingia mwilini kwa wingi kuliko kwako. Dawa yake ni kivuli. Nguo nyepesi ya pamba ya mikono mirefu, na kipazia cha wavu dirishani upande wake, kile kinachojishika chenyewe kwenye kioo. Vile vyenye fremu ngumu vikibanduka gari likigonga vinaruka kama jiwe.

Na usije ukatandaza shuka juu ya kiti chake. Hewa haipiti, joto linapanda humo ndani na wewe humwoni. Maji ya kunywa pia bado. Anyonye mara nyingi zaidi, gari limesimama na yeye katolewa kwenye kiti. Ukitaka kujua kama amepata joto mshike kifuani au shingoni, viganja vinadanganya.

Kobe Mzee:
Kizazi hiki mnalea watoto kama mayai. Sisi tulikua bila vipazia na tupo. Tena ngozi nyeusi haina habari na jua.

Nesi wa Zamu:
Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inasaidia, sikatai. Ila haizuii joto wala hailindi macho. Mwili wa mtoto unapanda joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wako, mzee wangu.

Kidole Juu:
Samahanini, hapa naona chai, tena ya rangi. Mtoto wa umri huo kiti chake kinaangalia nyuma ya gari. Kioo cha mbele kiko kisogoni kwake. Jua hilo linampigaje usoni? Halafu kibao cha mbele kinamhusu vipi mtoto aliyekaa nyuma? Na juzijuzi jamaa huyuhuyu alikuwa humu anauliza pikipiki isiyokula mafuta. Hana gari, hana mtoto. Subirini, sasa hivi atatokea mtu anauza vipazia, "njooni faragha".

Msomaji Kimya:
Huwa nasoma tu na kupita, lakini hapo Kidole kagonga penyewe.

Mama Mapacha:
Na mimi nimeshamwaga siri ya taulo bure?

Fundi Spana:
Pikipiki hata mimi niliwahi kuulizia na gari ninalo, huo sio ushahidi. Ila la kioo cha mbele ajibu.

Jani Kavu:
Gari ni la shemeji, kaniazima. Mtoto yupo, saa hizi analia. Na sijasema anakaa nyuma, mmejisemea wenyewe. Anakaa mbele na mimi. Nyuma yupo mama yake na mkubwa, ambaye kila safari anatapika, lazima ashikwe. Mbele ndiko kiyoyozi kinapuliza vizuri. Kiti nilikigeuza kitazame mbele kwa sababu akiangalia nyuma hatuoni, analia. Mkanda nafunga, mwendo wangu ni wa taratibu. Mimi nimeuliza jua.

Nesi wa Zamu:
Haya, ndio maana niliuliza.

Fundi Spana:
Mkuu, tuliache jua kidogo. Eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, inafumuka kwa kasi ya zaidi ya km 200 kwa saa. Mwendo wako wa taratibu haumzuii mwingine kukuvaa. Kumwangalisha mbele miezi mitano ni hatari, kichwa chake kinakaribia robo ya urefu wake na shingo haijakomaa. Na ukikigeuza kitazame nyuma hapohapo mbele, eabegi ikiwa hai inapiga mgongo wa kiti, sawasawa na kichwa chake kilipo. Nenda kwenye gari sasa hivi, shusha kile kibao unachokivuta kila siku, usome kilichobandikwa.

Jani Kavu:
Nimekwenda. Kuna picha ya kiti cha mtoto imepigwa mstari mwekundu. Stika imechanika nusu, ndio maana. Lakini huyu wa kutapika nimweke wapi?

Mama Mapacha:
Mdogo katikati nyuma, ndipo jua la madirisha linamfikia kwa shida. Mama kushoto, mkubwa kulia na mfuko wake mkononi. Wangu alikuwa anatapika kwenye kofia ya baba yake.

Jani Kavu:
Katikati kuna mkanda wa kiunoni tu.

Fundi Spana:
Soma kitabu cha kiti. Vingine vinaukubali mkanda huo, vingine havitaki. Kikikataa, kifunge nyuma upande usio na jua. Mnaelekea wapi?

Jani Kavu:
Kusini, moja kwa moja.

Nesi wa Zamu:
Kabla hamjamweka, guseni chuma cha mkanda, kikikaa juani kinaunguza ngozi. Fungueni milango gari lipoe kwanza. Na mkisimama asibaki ndani hata dakika chache. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu.

Kidole Juu:
Picha ya stika iko wapi?

Fundi Spana:
Mwache. Kusini basi asubuhi jua liko kushoto kwenu. Mtoto akae kulia mpaka kama saa sita, mkisimama kunyonyesha mnahamishia kiti kushoto. Na kila ukikihamisha kishike kwa chini ukitikise, kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu.