Pentax K1000 na filamu ya kwanza: nianzie wapi?

mwambao35
Wakuu, habari za humu. Nimeachiwa Pentax K1000 yenye lenzi ya 50mm f/2. Picha za simu nimezizoea, za filamu sijawahi kupiga hata moja. Niko Tanga. Nitajuaje kama kamera ni nzima kabla sijaharibu filamu? Ninunue filamu gani? Na je, kusafisha nyumbani kunawezekana kwa joto la huku?

fundi_lenzi
Anza bila filamu. Fungua mgongo, weka spidi ya B, bonyeza na ushikilie huku unachungulia upande wa pili kwenye mwanga: pazia la shata (mlango unaoruhusu mwanga kufikia filamu) lifunguke lote na libaki wazi mpaka uachie. Kisha jaribu sekunde 1, halafu 1/60, halafu 1/1000. Kwenye 1/1000 elekeza ukuta mweupe. Ukiona upande mmoja una giza, mapazia hayaendi sawa. Kwenye kamera za umri huu spidi ya 1/1000 ndiyo huchoka kwanza, na unaweza kuishi bila hiyo. Pazia lenyewe ni la kitambaa, kwa hiyo limulike kwa tochi gizani uone kama lina vitundu.

Lenzi: imulike kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, ugonjwa mkubwa wa pwani. Kidogo pembeni hakina madhara ya kuonekana, ukitapakaa katikati picha zinafifia. Ukimaliza kazi usiirudishe kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na pakiti za silika.

Sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye mifereji ya mgongo karibu hakika zimeshakuwa gundi. Zikwangue kwa kijiti na spiriti (usiguse pazia), kisha laza uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji. Usipofanya hivyo utapata michirizi myekundu au ya chungwa kwenye picha za rangi.

Betri ni moja ya kifungo, SR44 au LR44. Chukua SR44 ukiipata, maana volti zake hazishuki polepole na kudanganya kipimo. K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Kifuniko cha lenzi ndiyo swichi. Ukiacha lenzi wazi, betri inaliwa. Ikifa, shata bado inafanya kazi spidi zote, unakosa tu sindano ya kipima mwanga, ile unayoiona ukichungulia kwenye kioo.

nuru_na_kivuli
Kwenye filamu wengi watakwambia uanze na nyeusi na nyeupe. Mimi nasema piga moja ya rangi kwanza, Kodak Gold 200 au ColorPlus 200, uwape watu wasafishe, ujue kamera inapiga. Usijifunze kamera mpya na dawa mpya kwa wakati mmoja, kwani picha zikiharibika hutajua mkosaji nani.

Kuipakia: ingiza ncha kwenye upenyo wa rili ya kulia, vuta mpaka meno ya pande zote mbili yashike matundu, ndipo ufunge. Piga mbili za bure. Sasa angalia kitufe cha kurudishia filamu, upande wa kushoto juu. Ukivuta mkono wa filamu lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka, filamu haijashika, na utamaliza "picha 36" ambazo hazipo. Kihesabu picha hakikusaidii hapa, kinaenda mbele hata bila filamu.

ISO (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga, kama ile 200) unaiweka kwa kuinua pete ya nje ya gurudumu la spidi. Kwa jua la Tanga saa sita mchana, filamu ya 200: spidi 1/250 kwa tundu la lenzi f/16. Mimi ningefungua mpaka f/11, kwa sababu filamu ya rangi ya negativu inavumilia mwanga uliozidi stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) bila shida, lakini ukipungua, vivuli vinakuwa tope lenye chengachenga. Chini ya mwembe shuka f/5.6 au f/4.

Kipimo cha K1000 kinachukua wastani wa chote unachokiona. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa au bahari inayong'aa, sindano inasoma weupe na uso wake unatoka bila macho. Msogelee mpaka uso ujae kwenye kioo, ipange sindano katikati, rudi nyuma, piga bila kubadilisha kitu. Flashi ni 1/60 au chini yake. Juu ya hapo sehemu ya picha inatoka nyeusi.

Ikiisha, bonyeza kitufe cha chini, zungusha mkono wa kurudishia mpaka usikie umelegea. Ndipo ufungue. Filamu nyingi huungua hapo.

mwambao35
Ahsanteni sana. Studio niliyouliza ina mashine ya rangi tu. Baadaye nikipiga HP5, ile filamu ya nyeusi na nyeupe, naweza kuwapelekea?

nuru_na_kivuli
Usithubutu. Hiyo mashine ni ya C-41, mfumo wa kusafisha filamu za rangi, na dawa zake huondoa fedha yote kwenye filamu. HP5 picha yake ni fedha hiyo hiyo, kwa hiyo utarudishiwa plastiki tupu. Nyeusi na nyeupe inayokubali C-41 ni Ilford XP2 Super.

chumba_cha_giza
Nyumbani inawezekana, na joto lina dawa yake. HP5 kwenye D-76 (dawa ya kutoa picha) isiyochanganywa na maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa maji ya bomba ya nyuzi 28 muda unakuwa mfupi mno, chini ya dakika 5 filamu inatoka na mabaka. Kwa hiyo changanya D-76 na maji nusu kwa nusu, 150 ml kwa 150 ml, ambayo ni dakika 11 kwa nyuzi 20. Ukishindwa kushuka hadi 20, ishie 24 na upunguze iwe kama dakika 7 na nusu. Barafu iwe kwenye beseni la nje, chupa za dawa zikae humo. Usiitumbukize kwenye dawa. Fiksa (dawa ya pili, inayofanya picha isiharibiwe na mwanga) na maji ya kuoshea viwe karibu na joto hilo hilo.

Filamu ikiwa ndani ya tangi lisilopitisha mwanga, tikisa kwa kupindua mara 4 sekunde 10 za mwanzo, kisha mara 4 kila dakika inapoanza, na gonga tangi chini kuondoa mapovu. Mwaga, suuza, fiksa ya haraka 1+4 (sehemu moja ya dawa kwa nne za maji) dakika 5. Osha kwa kujaza maji na kupindua mara 5, mwaga, mara 10, mwaga, mara 20. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyokenekwa (distilled) na tone la sabuni ya vyombo. Dukani ukiomba "maji ya betri" soma chupa, mengine ni asidi.

Kinachotesa watu wa pwani ni mfuko mweusi wa kuingiza mikono, ambamo unaviringisha filamu kwenye rili ya tangi bila mwanga. Mikono inatoka jasho, rili ya plastiki inapata unyevu, filamu inakwama katikati. Rili iwe kavu kabisa, na ufanye usiku kwenye chumba chenye giza kamili na hewa ya kutosha. Ikikwama usilazimishe: tia vyote ndani ya tangi, funga mfuniko, toa mikono uifute, kisha uendelee.

fundi_lenzi
Niongeze la kusoma makosa. Filamu ni plastiki angavu tupu lakini namba za pembeni zinaonekana: dawa ni nzima, kamera haikupiga au filamu haikusogea. Hata namba hazipo: dawa imekufa, au fiksa iliwekwa kwanza. Ina ukungu wa maziwa: fiksa haijatosha, irudishe dakika 5 nyingine, hata mwangani itapona.