Naombeni msaada: "wherefore" kwenye hati ya madai, naiwekaje kwa Kiswahili?

Binti Karani
Wakuu, habari za jioni. Ni karani kwenye ofisi ya wakili huku mkoani. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kazi nyingi inayofika mezani kwangu ni kugeuza hati za zamani za Kiingereza. Mengi nayaweza. Neno moja tu limenikwamisha: ukimaliza aya za maelezo ya mdai, pale mwisho unakuta WHEREFORE kwa herufi kubwa, halafu ndiyo yanafuata maombi yake, hadi gharama za kesi.

Niliona "where", nikaandika "Mahali ambapo mdai anaomba". Juzi mzee mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba akaja kusaini. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika hapo akasimama: "Mwanangu, mahali gani hapa? Mimi naomba shamba langu." Nikakosa jibu. Nimemwomba arudi Jumatatu. Nielezeni maana yake na asili yake, maana nikibahatisha tena nitaharibu madai ya mtu.

Mzee wa Mwembeni
Mwanangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hajasaini. Neno hilo halihusu mahali. Ni maneno mawili yaliyounganishwa tangu Kiingereza cha zama za kati: "where" na "for". Kwenye miungano ya namna hii "where" husimama badala ya "nini" au "ambacho", na "for" ni "kwa ajili ya". Jumla yake ni "kwa ajili ya nini", yaani kwa nini. Ndugu yake ni "therefore", kwa ajili ya hayo.

Sasa angalia, lina kazi mbili. Chukua Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, uiweke kando ya ile ya Kiswahili. Mathayo 14:31, Petro anazama, Yesu anamuuliza "wherefore didst thou doubt?" Kwetu ni "mbona uliona shaka?" Hapo ni swali. Nenda Waebrania 12:1, sura inaanza na neno lilelile, ila kwetu imeandikwa "Basi na sisi pia". Hapo hakuna swali, linafunga yaliyosemwa na kuleta matokeo yake. La kwenye hati yako ni hili la pili.

Mwalimu wa Fasihi
Naongezea hapo kwa mzee. Dada, kosa lako hata wenye lugha yao hulifanya. Juliet wa Shakespeare anaposema "wherefore art thou Romeo?" wengi hudhani anamtafuta kijana yuko wapi. Sivyo. Hajui hata kama Romeo yuko pale chini anamsikia. Anachouliza ni mbona awe Romeo, mtoto wa ukoo ulio na uhasama na ukoo wao. Ndiyo maana mstari unaofuata anamtaka amkane baba yake na alikatae jina lake. Ukitafsiri "uko wapi", mstari huo wa pili unabaki hauna pa kushika. Wanafunzi wangu huwa nawasomesha miwili pamoja.

Mswahili wa Malmö
Niko Sweden. Huku neno hilo halijazeeka hata kidogo, wanasema "varför". Mwanangu wa miaka minne ananiuliza "varför" kuanzia kuvaa viatu hadi kufika shule. Wadenmark na Wanorwe wana "hvorfor". Ni muundo uleule, na maana ni kwa nini.

Kalamu Tupu
Basi si aandike "kwani"? Nayo imetokana na kwa nini, na ina kazi mbili vilevile: "Kwani umekula?" na "Sikuja kwani niliumwa."

Mzee wa Mwembeni
Hapana ndugu yangu, hapo tutamponza binti. "Kwani" hutanguliza sababu. "Wherefore" ya mahakamani hutanguliza matokeo: nimeeleza nilivyodhulumiwa, na kwa hayo naomba. Ukiweka "kwani" unageuza maombi kuwa chanzo cha madai. Binti, andika "Hivyo basi" au "Kwa hiyo". Na ukikutana na WHEREAS mwanzoni mwa mikataba, hiyo ni "Kwa kuwa". Nayo usiitafutie mahali.

Binti Karani
Mungu awabariki wote. Nimeandika: "HIVYO BASI, mdai anaomba hukumu na amri dhidi ya mdaiwa kama ifuatavyo." Mzee amekuja leo asubuhi, kasoma tena kwa kidole chake, hapo hakusimama. Amesimama kwenye ukubwa wa shamba, akanirekebisha namba moja, ndipo akasaini.

Sasa nimefungua hati nyingine nilizokwisha kuandika. Tatu zina "mahali ambapo". Nazirekebisha usiku huu kabla hazijapelekwa kusajiliwa.